Askari wa Kweli Hapigi Kelele

Wiki nzima sijapita njia kwa salama. Muuza samaki wangu wa Chake amegoma kunikatia jodari mpaka nimwambie ni nani aliyetoa ile salamu nyuma ya mgongo wa Ruweida, pale nilipokatiza hadithi gazetini. Haya bwana, nisije nikafa njaa. Geukeni naye mumwone.

"Assalaam alaykum," ilisema ile sauti ya upole.

Ruweida Jecha aligeuka, kamera mkononi, akakutana uso kwa uso na Inspekta Abdulsamad.

Si inspekta wa filamu. Inspekta mwenyewe, wa kituo ambacho sikitaji kwa sababu na mimi nina watoto wa kulea. Nyuma yake alisimama konstebo kijana, Nassor, jalada kwapani. Juu kwenye mchanga mkavu, Landikruza ya polisi ilikuwa imeegeshwa chini ya mvinje, vioo vimepandishwa vyote.

Aliyechelewa gazeti la wiki iliyopita anahitaji kujua jambo moja tu. Siku kumi na mbili zilizopita, mtu huyu mpole alimwita Suhail, kaka yake Ruweida, akamkalisha kitini, akamuuliza hali ya mama, akampa karatasi tupu atie saini. "Tutajaza baadaye, ni utaratibu tu." Suhail akatia, akarudi nyumbani na kusimulia yote. Kesho yake karatasi ile ilikuwa imejaa maungamo ya kuvunja ghala la mwani, na Suhail yumo mahabusu.

Ruweida alipiga hodi kila mlango, hakuna aliyemfungulia. Kazi yake ni kupiga video za harusi, upande wa wanawake, na Micheweni nzima hakuna bibi harusi anayetoka bila yeye. Basi akasema, kama hawataki kunisikiliza, watatazama. Akaitia habari ya Suhail kwenye filamu. Wachezaji wake ni kina mama kumi na tisa wa shamba la mwani, wale ambao maji yakitoka wao hushuka pwani na kamba zao.

Na leo maji yametoka, kamera imewaka, na mwenyewe amekuja.

"Ruweida," alisema Inspekta, akitabasamu. "Mama hajambo? Miguu imepata nafuu?"

Ruweida alihisi damu ikimpanda kichwani. Mwanamume huyu alikuwa amemweka ndani mwana wa mama huyo siku kumi na moja, na bado alijua kwamba miguu ya mama inauma.

Alifungua mdomo kuwaambia kina mama wakimbie. Lakini nyuma yake alisikia kitu ambacho hakukitarajia kabisa. Alisikia kina mama wakisifu.

"Mashaallah," alisema Bi Mwatum, mkubwa wao, mwanamke wa miaka sabini na ushei. "Huyuno sasa ndiye. Si yule kinyozi."

Ngojeni niwaeleze, maana hapa ndipo kosa lilipozaliwa. Asubuhi yote nafasi ya Inspekta ilikuwa imechezwa na Hamdan kinyozi. Hamdan ametazama filamu nyingi mno. Alibweka, alipiga meza teke, alimzaba kofi kijana wa watu aliyecheza Suhail, mara sita, na mara zote sita kina mama walicheka. Bi Time alimwambia waziwazi: "Weye askari au mnadi wa samaki? Suhail kasema hakupigwa hata kofi. Kaulizwa habari ya mamaake. Askari wa kweli hapigi kelele."

Ruweida alikubali. Akamrudisha Hamdan kwenye mkasi wake na kuwaahidi kina mama kwamba saa tano atafika mchezaji mwingine, mzoefu, anaitwa Kificho, anatoka Gombani, na atakuja na sare yake mwilini.

Saa tano ilikuwa imefika. Sare ilikuwa imefika. Ukimtoa Ruweida, aliyekwenda kituoni, kati yao hakuna aliyewahi kumwona Inspekta Abdulsamad kwa macho, maana ana mwezi wa tatu tu tangu ahamie kutoka Unguja.

"Hata Kiunguja kakiweza," alisema Bi Time, akimkagua kuanzia kofia. "Suhail alisema huyo ntu ni Muunguja. Huyu kazingatia."

Ruweida alifunga mdomo wake.

Angeweza kusema. Neno moja tu, "huyu wa kweli," na pwani ingebaki tupu. Hivyo ndivyo alivyoiandika filamu yenyewe: Inspekta akitoa karatasi, watu wanakimbia. Juzi tu Bi Time alimgombeza kwa hilo. "Mbona siye twakimbia?" Na Ruweida akamjibu kwa uchungu, "Kwa sababu ndivyo tulivyo, Bi Time. Nataka filamu iwe ya kweli."

Sasa akachoka kukimbia. Siku kumi na moja zinatosha.

"Karibu, Inspekta," alisema kwa sauti ya kusikika. "Tuendelee."

Inspekta aliitazama kamera. "Nimesikia mnatengeneza mchezo. Vizuri, vijana mjishughulishe. Lakini jina la polisi si la kuchezewa. Konstebo, chukua hicho chombo."

Nassor akasogea. Hakumtazama Ruweida usoni. Akaipokea kamera kwa mikono miwili, polepole, na kuizima. Kazi ya siku tisa ikaingia mfukoni mwa polisi.

"Ah, sasa kamera mwaichukulia n'ni?" aliuliza Bi Mwatum. "Nani atatupiga picha?"

 Inspekta alichukua jalada kwa Nassor, akatoa fomu ya maelezo, akaisogeza mbele ya Ruweida kama mtu anayemkaribisha mgeni chai.

"Tia saini hapo chini, binti yangu. Ukitia saini leo, Suhail leo hii analala kwenu."

Karatasi ilikuwa tupu. Nyeupe, kuanzia juu mpaka mahali pa saini.

Ruweida alimwaza kaka yake akilala kwenye sakafu ya saruji. Alimwaza mama, anayeweka sahani mbili kila jioni na kufunika moja. Saini moja tu. Mkono wake ukainuka wenyewe, ukaipokea karatasi, na nasema kweli, msomaji, angetia. Alitaka kutia.

"Kalamu," alisema Bi Time.

Inspekta aligeuka. "Unasemaje?"

"Kalamu yatoka mfuko wa kifuani, wa kushoto. Suhail alisema umempa kalamu yako mwenyewe. Usisahau, ndipo ntu aonapo ukarimu wako."

Mkono wa Inspekta Abdulsamad ulikuwa tayari umefika kwenye mfuko wa kifuani, wa kushoto. Vidole vilikwishashika kalamu. Vikabakia hapohapo.

"Endelea baba, wafanya vyema," alimtia moyo Bi Mwatum. "Kisha wamwambia ni utaratibu tu."

"Na ukisema utaratibu, wamgusa bega," alikumbusha mwanamke mwingine.

"La wa kulia."

Inspekta aliwatazama mmoja mmoja, na Ruweida akaona tabasamu lile likimtoka. Mtu huyu alikuwa amefanya kazi miaka ishirini ndani ya chumba kilichofungwa mlango. Leo amekuta pwani nzima imesimama ndani ya chumba hicho, na kila mtu anajua kiti kilipo.

"Nani kawaambia haya?"

"Tumeyafundishwa tangu Jumamosi," alisema Bi Mwatum kwa fahari. "Hata mie nayajua kwa moyo."

Ndipo Inspekta Abdulsamad alipofanya jambo ambalo pengine hakuwahi kulifanya tangu avae sare. Alipiga kelele.

"Ondokeni hapa! Wote! Nitawaweka ndani mmoja mmoja!"

Bi Mwatum alisikitika. "Kaharibu," alimwambia jirani yake. "Na alikuwa kashafika pazuri. Arudie."

 Lakini Bi Time alikuwa akitazama chini. Hamdan kinyozi alikuja na viatu vya harusi vya shemeji yake. Miguu hii iliyokuwa mbele yake ilivaa buti nyeusi, kisigino kimelika upande mmoja, buti za mtu anayezivaa kila siku ya Mungu. Akainua macho kumtazama Ruweida, na Ruweida akatikisa kichwa kidogo tu. Ndiyo, Bi Time. Ndiye.

Bi Time akamnong'oneza wa kulia kwake. Wa kulia akamnong'oneza wa pili. Neno lilipita kwa wanawake kumi na tisa, na vicheko vikakatika kimoja kimoja.

Ruweida aliujua ukurasa huu. Aliuandika yeye, usiku wa pili baada ya Suhail kukamatwa, machozi yakidondoka kwenye daftari. Kina mama wanatupa vikapu. Kina mama wanakimbia.

Bi Time alishika ncha za leso yake, akakaa kitako kwenye mchanga mbichi.

Mwenzake akakaa. Na wa tatu. Wakakaa wote, mpaka wa mwisho, wakiwa wamemzunguka Inspekta na konstebo wake, na hakuna aliyemgusa mtu.

 Askari, Ruweida alikuwa amemwandika sawasawa, hata mfuko wa kalamu. Watu wake mwenyewe ndio aliowakosea.

"N'pe hiyo karatasi, mwanangu," alisema Bi Mwatum, ambaye neno lilimfikia mwisho na lilimtoa utani wote usoni. "Na hapo chini pameandikwa n'ni?"

Ruweida aliishushia macho karatasi, na kwa mara ya kwanza akaona chini kabisa, chini ya mahali pa saini yake. Mhuri wa buluu. Na juu ya mhuri, jina.

Akaelewa, na kidogo acheke. Mwizi wa mazoea huchoka kujificha. Inspekta Abdulsamad alikuwa ametia saini nyingi za kuibia hata akaona ni kupoteza muda kuzitia moja moja. Fomu zake zilitoka kituoni zikiwa tayari: saini yake, cheo chake, mhuri, tarehe ya leo. Kilichobaki ni mtu.

Akasoma kwa sauti, taratibu, kila mmoja asikie. "Maelezo haya yametolewa mbele yangu, kwa hiari, nami nimeyashuhudia. Inspekta Abdulsamad."

"Kweli," alisema Bi Mwatum. "Yuko mbele yetu. N'letee na kalamu."

"Mama, rudisha hiyo," alisema Inspekta.

"Kalamu," alisema Bi Mwatum tena, na Bi Time akachomoa ile ya Ruweida ya kuandikia mpangilio wa filamu.

Bi Mwatum hakwenda skuli. Alikwenda chuoni, kwa mwalimu wake wa Kurani, na khati anayoijua ni ile ya Kiarabu, ambayo wazee wetu waliandikia barua, wasia na mapenzi yao. Akaiweka karatasi juu ya kikapu cha mwani kilichofudikizwa, akasema bismillahi, akaanza kuandika kutoka kulia.

Aliandika alichokiona. Kwamba leo, pwani, askari kamtaka Ruweida Jecha atie saini karatasi isiyokuwa na neno. Kwamba kaahidi kumtoa Suhail kwa saini hiyo. Kwamba ndivyo alivyomfanyia Suhail. Hakuacha nafasi hata ya kidole.

"Hakuna atakayeisoma hiyo mahakamani," alisema Inspekta, lakini macho yake yalikuwa yakitembea na kalamu, kulia kwenda kushoto. Na yeye alikwenda chuoni. Aliisoma kila herufi.

Karatasi ikageuzwa upande wa pili. Ikapita mkono hadi mkono, na kila aliyeipata aliandika jina lake na la babaake, na asiyejua kuandika akapaka wino wa kalamu doleni, akakandamiza.

"Nassor. Ichukue."

Konstebo hakusogea.

"Nassor, nakwamrisha."

"Nimesikia, afande," alisema Nassor. Bado hakusogea.

Hapo Inspekta akatulia. Sauti ile ya upole ikarudi, na Ruweida akaiogopa zaidi ya kelele.

"Sawa. Ruweida, unaiona ile gari? Kaka yako yumo humo. Nilimleta kwa roho safi, utie saini umchukue, umalize. Sasa nitaondoka naye. Boti ya leo alasiri inampeleka Unguja, jela kuu, na huko faili la mtu hupotea hata miaka miwili. Au nipe hiyo karatasi. Chagua. Mama yako nitamwambia ulichagua nini."

Ruweida alitazama Landikruza. Vioo vyeusi, hakuona kitu. Suhail alikuwa hatua sitini kutoka aliposimama, na muda wote huo Ruweida hakujua.

Karatasi ilikuwa imemrudia mkononi. Kina mama wote walimtazama, wala hakuna aliyemwambia afanye nini. Hilo ndilo lililomuuma, kwamba walimwachia. Aliifikiria ile sahani iliyofunikwa, na machozi yakamlenga, akayaacha yatoke.

"Mwambie mama," alisema, sauti ikitetemeka lakini ikitoka. "Mwambie Ruweida kasema hivi: mwanao ukimnunua kwa karatasi tupu, keshokutwa watakuja na karatasi nyengine. Mwambie kwa maneno hayohayo. Wewe si hodari wa kumuulizia hali?"

Bi Time aliguna. Kwa Bi Time, huko ndiko kupiga vigelegele.

Na Nassor akavua kofia. Aliiweka juu ya kikapu, taratibu, alama ya polisi ikitazama juu.

"Nilikuwepo Suhail alipotia saini," alisema. "Mimi ndiye niliyejaza. Afande aliniambia niandike, nikaandika." Alinyoosha mkono. "Nipeni kalamu. Pamebaki nafasi pembeni."

Msomaji, kama ningekuwa mtu wa kuwastahi, ningeishia hapo. Mngelala vizuri. Karatasi ina mhuri wa kituo, ina mashahidi kumi na tisa, na sasa ina askari. Kwa mara ya kwanza tangu Suhail akamatwe, Ruweida alivuta pumzi mpaka mwisho.

Kisha injini ya Landikruza ikawaka.

Nassor alipapasa mfuko wa suruali. Ufunguo haumo. Aliuacha garini.

Mlango wa dereva ulikuwa wazi bado, na aliyekaa kwenye usukani alikuwa amevaa sare ya inspekta, safi, iliyopigwa pasi, kubwa kidogo mabegani. Akawapungia mkono kwa furaha. Ruweida alimtambua kwa ile picha yake ya simuni.

"Huyo tena n'nani?" aliuliza Bi Mwatum.

"Wa Gombani," alisema Ruweida. "Kificho."

Alikuwa amefika kwa kuchelewa, amemkuta Suhail amefungwa pingu kiti cha nyuma, amesikia habari yake, na ufunguo unaning'inia. Kificho amecheza filamu kumi na mbili. Katika zote kumi na mbili, shujaa huiba gari.

Ruweida alimgeukia Inspekta. Inspekta Abdulsamad alikuwa anatabasamu tena.

"Mwacheni aende," alisema kwa upole. "Mwacheni kabisa."

Kwa sababu yeye alikwishapiga hesabu, na sasa Ruweida naye akaipiga. Gari ile ikitoka pale, Suhail si mtu aliyeonewa tena. Ni mahabusu aliyetoroka, na wizi wa gari la polisi juu yake. Bi Mwatum na khati zake, kina mama na madole yao, Nassor na kofia yake, vyote vinakuwa karatasi ya kufungia karanga.

Ruweida alikimbia. Ndiyo, alikimbia, lakini si upande ule alioandika. Alipanda mchanga, viatu vikamtoka, nyuma yake akasikia leso na vikapu na miguu ya wanawake kumi na tisa wakimfuata. Gari lilirudi nyuma, likageuza pua kuelekea njia ya juu, likakamata mwendo.

Akaikata njia mbele yake. Akasimama katikati, karatasi kaishika kifuani kwa mikono yote miwili.

Kupitia kioo cha mbele alimwona Suhail nyuma ya bega la dereva, amekonda, anapiga kelele ambazo Ruweida hazisikii. Alimwona Kificho akitafuta breki ya gari ambalo hajawahi kuliendesha.

Katika filamu, mtu huruka pembeni dakika ya mwisho. Ruweida hakuruka.